Mlio Uliopigiwa Kura

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu "kikao kimeamua," damu inanichemka. Wajukuu zangu wanalijua hilo na wananichokoza nalo. Wakitaka kuniona nimesimama na mwiko mkononi, husema kikao kimeamua leo ni wali. Wacheke tu. Wao hawakumjua Mzee Marselino, wala hawakukaa kwenye meza ile ya mbao za makasha, mwaka themanini na tatu, wakaandika upuuzi wa watu wazima kwa mwandiko mzuri.

Aliyeandika ni mimi. Naitwa Demetria. Nilikuwa karani wa ushirika wa mafundi magari pale Temeke, upande wa kuelekea Tandika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Bukoba na sanduku la bati, cheti cha kidato cha nne na ulimi mkali. Ushirika wenyewe ulikuwa na mafundi kumi na mmoja, banda la mabati, mashimo mawili ya kuingilia chini ya gari, na pikapu moja ya kijani iliyopauka, ile aina inayovuta kwa magurudumu yote manne ukitaka. Siku za kazi pikapu ilivuta magari mabovu. Jumamosi ilipeleka wanawake Boko, kwenye shamba la mihogo la ushirika, na jioni ikawarudisha. Tulikuwa kumi na tano, siku nyingine ishirini, tumekaa nyuma kwenye bodi tumeshikana mabega, majembe miguuni.

Mzee Marselino ndiye aliyekuwa fundi wa kweli pale. Wengine walikuwa mafundi pia, sikatai, lakini gari likimshinda kila mtu lilipelekwa kwake. Na alikuwa kiziwi. Miaka kumi na minne alisimama mbele ya mashine ya kuchana mkonge huko Lindi, na ile mashine ilimla masikio yote mawili. Ukitaka kusema naye ulisimama mbele yake ukamtazama, akasoma midomo yako. Ukimpa mgongo ulikuwa umejisemea mwenyewe.

Fundi kiziwi atajuaje gari linalia wapi? Swali hilo niliuliza siku ya kwanza, kwa dharau za kisomi, naye akanijibu kwa kuchomoa kijiti cha mpingo kwenye mfuko wa ovaroli. Kilikuwa na urefu wa mkono, alichongewa na kaka yake. Ncha moja aliigusisha kwenye chuma cha gari, ncha ya pili akaing'ata kwa meno, akafumba macho. Alikaa hivyo dakika nzima. Halafu akasema, "Beringi ya pampu ya maji. Imeanza kuchubuka." Wakafungua pampu, wakaikuta beringi imechubuka.

"Chuma kinanigonga kwenye taya, mwanangu," akaniambia. "Nyie mnasikia na kuku, na redio, na watu wanaogombana. Mie nasikia chuma peke yake."

Basi, mwezi wa saba mwaka huo pikapu yetu ikaanza kulia. Dereva wake, Jamali, kijana wa Kilwa mwenye masihara mengi, alikuja asubuhi bila masihara. Alisema gari likienda polepole linalia kwi, kwi, kwi, kama kitanda kibovu, na akiachia mafuta ghafla linapiga ngo! chini ya sakafu mpaka anaisikia kwenye nyayo. Mzee Marselino alimwambia apande waende. Mimi nilikuwa na barua ya kupeleka Mtoni, nikapanda nao, nikakaa katikati.

Niliona kazi ya akili siku ile. Alimwamuru Jamali aendeshe kwa gia ya pili, gia ya tatu, mwendo uleule, na kila mara alikuwa amekibana kijiti sakafuni na kukiuma. Kwenye mteremko wa kushukia Mtoni akamwambia atoe gia kabisa, aliachie gari liende lenyewe. Mlio ulikuwa uleule, haukubadilika hata kidogo.

"Umeona?" akamwambia Jamali. "Unafuata gurudumu. Injini hauijui, gia hauijui."

Tuliporudi akalala chini ya gari akaniita nitazame. Kuna chuma kirefu cha mviringo kinachotoka kati ya gari kwenda kuzungusha ekseli ya nyuma. Mafundi wanakiita propela. Kwenye maungio yake kuna kipande chenye umbo la msalaba, kidogo tu, kinaenea kiganjani, wanakiita krosi. Kila mkono wa krosi umevaa kikombe, na ndani ya kikombe mna visindano vya chuma vinavyozungukia grisi. Mzee alinionyesha kikombe kimoja. Pembeni mwake palikuwa na unga mwekundu wa kutu, kama mtu amemwaga pilipili ya kusaga.

"Grisi ilikwisha zamani," alisema. "Sasa visindano vinasagana vyenyewe. Leo kinalia. Kesho kutwa kitakatika, propela itadondoka ncha ya mbele, ichome barabara, na gari lenye watu litajipindua juu yake. Hii haiendi Boko mpaka niibadili."

Alisema mbele yangu na mbele ya Jamali, saa nne asubuhi, kwa maneno hayo. Nayaandika hivi ili mtu asije akaniambia hapakuwa na aliyejua.

Sasa nifike kwa Ndugu Leodegar, mwenyekiti wetu. Nikimtaja lazima nivute pumzi kwanza. Alikuwa mtu wa kaunda suti, kalamu tatu mfukoni, na spana hajawahi kuishika isipokuwa siku ya kupigwa picha. Vipuri vya magari mwaka ule havikuonekana. Ulikuwa unaomba kibali, kibali kinasainiwa huku, kinapigwa muhuri kule, na baada ya miezi unapewa kilichopo. Leodegar alikuwa amehangaika miezi minane, ameandika barua kumi na moja (nilizipiga chapa mimi), na wiki ileile mlio ulipoanza kibali kikajibu. Ushirika ukapewa giaboksi moja, mpya, ndani ya sanduku lake. Krosi hakuna. Giaboksi ipo.

Basi kilichokuja kwa kibali ndicho kikawa kibovu kwenye gari. Nisemeje zaidi? Mtu amekuletea giaboksi mbele ya wanachama, amepigiwa makofi, halafu kiziwi mmoja anamwambia ugonjwa ni kipande kinachoenea kiganjani. Hakulikubali hilo. Na kulikuwa na jambo jingine la kumsaidia. Mwezi wa nne Mzee Marselino alikuwa ameifungua giaboksi ya zamani na, kwa kukosa bushi, kipete cha ndani yake, alichonga ya kwake kwa shaba ya bomba bovu. Leodegar akaitisha kikao.

Kikao kilikuwa na ajenda. Ajenda namba tatu ilikuwa "Mlio wa gari." Nakumbuka nilipoiandika nilicheka peke yangu, nikidhani watajadili nani alitengeneze na lini.

"Ndugu wanachama," alisema Leodegar, "gari letu halikuwa likilia kabla ya mwezi wa nne. Mwezi wa nne likatiwa bushi ya kienyeji. Sasa linalia. Mie si fundi, lakini hesabu naijua."

Mzee Marselino akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, bushi ile iko kwenye giaboksi. Mlio uko kwenye krosi ya propela ya nyuma, upande wa mbele. Njooni hapo nje muutazame unga wake. Ni hatua kumi."

"Tuko kwenye kikao, Mzee."

"Gari liko nje!"

"Kikao hakiendi chini ya gari," alisema Leodegar, na wajinga wakacheka.

Halafu wakapiga kura. Naapa kwa kaburi la mama yangu, walipiga kura mlio unatoka wapi. Mikono minane ikasema giaboksi. Mmoja ukasema krosi, nao ni wa Marselino mwenyewe. Wawili walijifanya wanatafuta kitu mfukoni. Jamali na mimi tulikuwa waajiriwa, hatukuwa na kura. Hao wanane walikuwa mafundi! Wangelala chini ya gari lile kwa dakika mbili wangeuona unga. Lakini Leodegar ndiye aliyekuwa anaandika majina ya watakaopewa sukari na vitenge vikija, na mikono ikapanda.

Hawakuishia hapo. Wakaamua tena kwamba giaboksi mpya ifungwe mara moja, na mlio ukikoma itakuwa imethibitika kwamba bushi ya Ndugu Marselino ndiyo iliyoharibu gari la umma, naye ataondolewa ushirikani. Mzee alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alikuwa na mke mgonjwa wa miguu pale Mtoni na hakuwa na shamba wala banda lake popote. Mwaka ule, mtu akiondolewa mahali kwa kuharibu mali ya umma, watu wa mtaani hawakuuliza maswali, walimwita mhujumu, na mhujumu hakupata kazi kwa mtu.

Niliandika yote. Mstari kwa mstari.

Giaboksi ilifungwa Alhamisi. Wakaiendesha kuzunguka kiwanja, na gari likalia kwi, kwi, kwi vilevile. Mnadhani walitahayari? Leodegar alisema giaboksi mpya lazima ilie kidogo mpaka izoee, na kwamba Jumamosi ikienda Boko na kurudi itakuwa imezoea. Wanane wakatikisa vichwa kukubali. Nilitamani kumrushia mashine ya chapa.

Ijumaa mchana ushirika mzima ulikwenda kwenye maandamano Mnazi Mmoja, na bango lao, na Leodegar mbele. Jamali naye alienda, alibeba ngoma. Niliachwa nilinde ofisi. Nilikuwa nakunywa chai nilipomwona Mzee Marselino anaingia kiwanjani na ovaroli yake, anavuta jeki.

Nilikwenda nikasimama mbele yake. "Shikamoo Mzee. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nishikie taa, kule chini kuna giza."

Nililala chini ya gari na gauni langu la ofisini. Akafungua propela ya nyuma, akaibana kwenye jiliwa, akavitoa vikombe vya krosi kwa nyundo, taratibu, akigonga huku na kuupokea mkono wa pili kule. Kikombe cha tatu kilipotoka hakukutoka visindano. Kulitoka unga mwekundu na vipande viwili vya chuma vyembamba kama vijiti vya kiberiti vilivyovunjika. Mkono wa krosi wenyewe ulikuwa umelika kwa upande mmoja mpaka umebaki nusu. Akaniwekea kiganjani.

"Hiki ndicho kingewapeleka nyie Boko kesho," alisema.

Krosi nyingine alikuwa ameshaijua iko wapi. Gari lile lilikuwa na propela ya pili, ya mbele, ya kuvutia magurudumu ya mbele kwenye matope. Haikutumika tangu mvua za masika, na krosi zake zilikuwa sawasawa na za nyuma. Akaifungua, akatoa krosi moja nzima, yenye grisi yake, akaihamishia nyuma. Propela ya mbele akaifunga ndani ya gunia, akaiweka ghalani chini ya meza mpaka atakapoipatia krosi nyingine. Kazi ilimchukua saa mbili na nusu. Mwisho akainua magurudumu ya nyuma, akaniambia niwashe gari nitie gia, akaking'ata kijiti chake, akafumba macho.

"Kimya," alisema.

Nilifurahi kama mjinga. Halafu nikakumbuka azimio. Nikamzunguka nikamsimamia usoni.

"Mzee, sasa gari halitalia. Watasema giaboksi imeponya. Watakufukuza!"

"Najua."

"Basi ungeliacha lilie!"

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Na nyie mkae nyuma? Mke wa fundi mwenzetu Didas, mjamzito, akae nyuma? Ili mie nionekane nilisema kweli?" Alifuta mikono kwa nguvu kana kwamba ngozi ndiyo chafu. "Sikiliza, mwanangu. Usiseme kwa mtu. Ukisema, watapiga kura ya kurudisha krosi ya zamani. Nawajua. Niache nijitetee mwenyewe, kwa wakati wangu. Umenisikia?"

Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia.

Jumamosi tulikwenda Boko. Barabara nzima ya Bagamoyo pikapu haikutoa mlio. Mwanakombo, mke wa mwashi wetu wa jirani, alisema leo tumepakiwa kwenye gari la waziri. Jamali alipiga mlango kwa kofi akasema, "Giaboksi imezoea!" Nikauma mdomo wangu mpaka ukaniuma wiki nzima.

Jumatatu wakakaa. Ajenda namba mbili: utekelezaji. Leodegar alisimama, akavuta koti la suti yake chini, akasema gari limenyamaza, na ukweli umedhihiri. Akasoma azimio kwa sauti, sentensi nilizoziandika mimi. Akauliza kama Ndugu Marselino ana la kusema. Mzee alisimama, akasema, "Naomba siku saba. Baada ya siku saba nitawaonyesha kitu." Leodegar akasema siku saba hazimo kwenye azimio.

Na mimi nikasimama. Sikuwa na haki ya kusema kikaoni, na sikujali. Nilikuwa nimeibeba ile krosi kwenye mkoba tangu Ijumaa, nimeifunga kwenye leso. Nikaipiga juu ya meza mpaka wino ukaruka.

"Giaboksi gani? Giaboksi gani, nyie watu? Hii hapa ndiyo iliyokuwa inalia! Ameibadili Mzee, Ijumaa, mkiwa mnacheza ngoma Mnazi Mmoja! Mie nilimshikia taa! Ametoa krosi ya propela ya mbele akaitia nyuma, nendeni mkatazame! Angeiacha mngekuwa mnazika wake zenu leo!"

Nilimtazama Mzee Marselino nikidhani nitamwona anafurahi. Alikuwa amenikazia macho kwenye midomo, uso wake umekuwa wa kijivu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kikao kilikwenda chini ya gari. Wanane walilala chali kama watoto wazuri. Mmoja akasema, "Kweli Mwenyekiti, propela ya mbele haipo." Wakaingia ghalani, wakaivuta chini ya meza, wakalifungua gunia. Wakaileta mpaka mezani.

"Kwa hiyo," alisema Leodegar polepole, na nilimwona anavyoifurahia kila silabi, "Ndugu Marselino amefungua mali ya umma. Bila kibali. Wakati wanachama wako kwenye shughuli ya kitaifa. Na akaificha kwenye gunia. Karani ameshuhudia kwa macho yake."

"Sikusema hivyo!"

"Umesema ulimshikia taa."

Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na siyajutii. Niliwaambia waitazame krosi, waone mkono wake ulivyolika. Didas aliishika, akaigeuza, akaelewa. Niliona machoni kwamba ameelewa, mke wake ana mimba ya miezi saba. Akaiweka chini taratibu. Leodegar akasema krosi haimo kwenye ajenda. Wakapiga kura, mikono kumi. Didas naye. Bushi ya shaba haikutajwa tena, hawakuihitaji. Aliondolewa kwa kosa la kubomoa na kuficha mali ya umma, na Leodegar akasema kwamba kwa huruma ya kikao polisi hawataitwa.

"Andika, Karani," alisema.

Ningeweza kuivunja kalamu. Ningeweza kutoka. Nilikuwa na mdogo wangu anasoma kwa mshahara ule, hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na nimejipa sababu hiyo miaka arobaini. Niliandika. Upepo ulikuwa unapita bandani, karatasi zikawa zinataka kuruka, na Leodegar akaichukua ile krosi akaiweka juu ya muhtasari ili usipeperuke.

Mzee Marselino alikusanya spana zake, zile zilizokuwa za kwake tu, moja moja, akiziacha za ushirika. Hakuna aliyemsaidia. Alipita mlangoni bila kunitazama.

Nilikaa wiki tatu ndipo nikapata ujasiri wa kwenda Mtoni. Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anatengeneza jiko la mchina la jirani, uso umeelekea ukuta. Nikasimama mbele yake nikasema shikamoo. Aliitazama midomo yangu. Halafu akageuza uso, akanipa mgongo, na mtu yule alipokupa mgongo hakukuwa na namna ya kumfikia. Nilisema samahani. Niliisema kwa sauti kubwa, mara tatu, nikilia, na majirani wote wakaisikia isipokuwa yeye.

Nilipokuwa nageuka kuondoka, aliuliza, akiwa bado ameelekea ukuta.

"Gari linalia?"

Nilimjibu kwamba halilii. Ndipo nikakumbuka hanioni. Ikabidi nizunguke mbele yake, nipite kati ya goti lake na ukuta, niinamishe uso wangu mpaka usawa wa uso wake, nimwambie tena.

"Halilii, Mzee. Limekwenda Boko mara tatu."

"Basi," alisema. "Nenda."